Milango Minne, Sauti Tatu

Ilikuwa jioni ya mwezi wa nne, masika yamekolea, na foleni ya Buguruni ilikuwa imeganda. Nilikuwa natoka Ubungo kwa Barabara ya Mandela, narudi nyumbani Kigamboni, malori ya makontena yamenibana kulia na kushoto. Mkoba ulikuwa juu ya kiti cha abiria. Nilibonyeza swichi ya loki kama ninavyofanya kila siku nikikaribia mataa, nikasikia milango inajifunga, nikatulia. Haikupita dakika, mlango wa mbele kushoto ukafunguliwa kutoka nje, mkono ukaingia, mkoba ukatoka. Kijana alipenya katikati ya malori mawili, hata sura sikuiona. Mlango aliuacha wazi, mvua ikawa inanyeshea kiti.

Mkobani kulikuwa na simu, kitambulisho cha Taifa, kadi ya benki na funguo za ofisi. Wiki mbili nzima nilizunguka kutafuta mbadala wa vitu hivyo. Lakini kilichonikaa moyoni ni swali la mdogo wangu usiku ule: "Dada, si unasema ulifunga loki?" Nilifunga. Nilisikia kabisa. Nikatoka uani na tochi, nikafungua mlango wa dereva, nikabonyeza swichi na kutega sikio. Ka, ka, ka. Mlango wa dereva, nyuma kulia, nyuma kushoto. Mbele kushoto kimya. Nikarudia mara tano, kimya kilekile. Sikujua hali ile ilikuwa imeanza lini, kwa sababu kwa miaka yote niliyoendesha gari sikuwahi kuzihesabu zile sauti. Nilikuwa nasikia kishindo kimoja cha jumla na kuamini kuwa gari zima limefungwa.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wenye magari madogo ya Kijapani yaliyoingia nchini yakiwa yameshatumika, yaani karibu sisi wote tunaoonekana kwenye foleni za Dar es Salaam. Loki hizi zina miaka mingi. Zikianza kusumbua, tunaambiwa tununue mota, kile kidude cha umeme kinachoisukuma loki ndani ya mlango. Mimi niliambiwa hivyo mara mbili, nikanunua mara mbili, na mota yangu haikuwa na tatizo lolote.

Fundi wa kwanza alikuwa gereji ya jirani. Alibonyeza swichi mara moja, akaukaribia mlango, akasema, "Dada, hii mota ya loki imekufa." Hakupima chochote. Alinipa bei, akaenda mtaa wa Gerezani kwenye maduka ya spea, akarudi na mota iliyotumika ya shilingi 35,000. Alibandua kava la mlango, akaichana nailoni iliyogandishwa nyuma yake, akafunga mota, akabonyeza. Ka! Tukafurahi wote. Siku ya tisa loki ikanyamaza tena. Nikarudi, akasema spea za kutumika ni bahati nasibu. Nikaenda gereji nyingine, nikaambiwa lilelile, nikanunua mota ya pili. Hiyo ilidumu siku tatu.

Halafu ile nailoni. Wa kwanza aliichana, wa pili akaitupa, akisema ni uchafu tu wa kiwandani. Mvua iliyofuata, kava la mlango lilivimba kwa chini na gari likaanza kunuka kama kabati la nguo mbichi. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu linaniudhi mpaka leo.

Mtu aliyelitatua tatizo la loki ni mzee mmoja fundi umeme wa magari, Temeke, ambaye kazi yake anaifanyia chini ya mwarobaini. Mfanyakazi mwenzangu ndiye aliyenielekeza. Nilifika Jumamosi asubuhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari linaumwa nini?"

Nikamwambia kuwa mota ya loki imekufa kwa mara ya tatu. Akanitazama kwa upole, akasema, "Hapana, usiniambie kilichokufa. Niambie unachokiona na unachokisikia." Akavuta kigoda, akakaa. Gari hata hakuligusa. Maswali yake nayaandika hapa jinsi nilivyoyakumbuka, maana thamani yake kwangu ilizidi ya zile mota mbili.

La kwanza: ukifunga kwa mkono, kile kibonyezo cha mlangoni kinakwenda laini au kizito? Nikasema laini kabisa. Akatikisa kichwa. Maana yake kitasa chenyewe, fito zinazokivuta na klipu za plastiki zinazozishika fito hizo viko salama. Kingekuwa kizito, tungeanza na grisi na kutu, kwa sababu mota ndogo kama ile haiwezi kukisukuma kitasa kilichokauka.

La pili: ukibonyeza swichi, mlango huo unatoa sauti yoyote bila kufunga, au umenyamaza kabisa? Umenyamaza kabisa. Mota inayozunguka huku loki haisogei ina gia za plastiki zilizolika, au fito imechomoka. Mota iliyonyamaza ama imekufa ama haipati umeme. Hapo, alisema, ndipo mafundi wengi wanapochagua jibu la kwanza kwa kuwa ndilo lenye spea ya kuuza.

La tatu: milango mingine je? Mizima. Rimoti na swichi ya ndani vyote vinafanya vilevile? Ndiyo. Basi fyuzi na rilei, zile swichi ndogo zinazoendeshwa kwa umeme, tukaziacha, kwa kuwa zinahudumia milango yote kwa pamoja. Ingekuwa milango yote minne imegoma, angeanzia kwenye fyuzi. Ingekuwa rimoti inagoma lakini swichi ya ndani inafunga, angeanza na betri ya rimoti, kile kidonge cha volti 3. Hapo akakumbuka Mercedes za zamani alizojifunzia kazi, zile za aina ya W123, ambazo loki zake hazikuwa za mota kabisa. Zilivutwa kwa upepo kupitia mipira membamba iliyokwenda kila mlango. Mpira mmoja ukitoboka, mfumo mzima unalegea, na fundi anaweza kuutafuta mlango mgonjwa siku nzima. "Haya ya sasa yana huruma," alisema. "Mlango mmoja ukiugua, mara nyingi ugonjwa uko kwenye mlango huohuo au njiani kuuelekea."

La nne sikulitegemea. Spika ya mlango huo inaimba vizuri?

Nikanyamaza. Ilikuwa miezi kadhaa redio ilikuwa inakatikakatika upande wa kushoto. Ukiufunga mlango kwa nguvu inarudi, ukipita matuta inapotea. Nilidhani spika imechakaa na nikaizoea. Sikuwahi kufikiri kuwa spika na loki vina uhusiano. Mzee aliinuka, akaenda mlangoni, akanionyesha ule mpira mweusi wenye mikunjo uliopo kati ya mlango na nguzo ya gari, karibu na bawaba. "Waya za loki, za dirisha, za spika, zote zinapita humu," alisema. "Kila ukifungua mlango zinakunjuka, ukifunga zinakunjika. Gari hili lina umri gani? Hesabu limefunguliwa mara ngapi."

Nikauliza mbona dirisha linapanda na kushuka bila shida. Akasema waya za dirisha ni nene zaidi, na waya hazikatiki siku moja. Jibu hilo nililielewa baadaye, tulipouvuta ule mpira.

Kipimo cha kwanza hakikuhitaji kifaa chochote. Alinikalisha kwenye kiti cha dereva nibonyeze funga, fungua, funga, fungua, taratibu, nikipumzika kidogo kila mara. Mapumziko yana sababu: nyingi ya mota hizi zina kinga ndani inayokata umeme mota ikipata joto, na ukiibonyeza mfululizo mara nyingi inaweza kunyamaza yenyewe hata kama ni nzima, ukapoteza mwelekeo. Yeye akawa anausogeza mlango wa kushoto polepole kutoka wazi kabisa kuelekea kufungwa. Mlango ukiwa wazi: ka, ka, ka. Ulipofika katikati: ka moja, kimya, ka moja. Ulipokaribia kufungwa: kimya. Akaurudisha wazi: ka.

Nilihisi machozi. Mafundi wote wawili walifunga mota na kuijaribu mlango ukiwa wazi! Ungejaribiwaje vinginevyo, wakati kava limebanduliwa na mikono yao iko ndani ya mlango? Kwa kuushikashika mlango, ncha za waya zilikuwa zinagusana tena, loki ikalia, nikalipa, nikaondoka. Baada ya siku kadhaa za matuta na kufungua na kufunga, ncha zikaachana.

Mzee hakuridhika na hilo peke yake. Alitoa skrubu, moja ikiwa imejificha nyuma ya kifuniko kidogo cha mshikio, kisha akabandua klipu za kava moja moja kwa kibao chembamba cha plastiki. Klipu zilizopigwa na jua letu kwa miaka mingi hukatika ukizivuta kwa bisibisi. Ukiona soketi au waya zilizofunikwa kwa njano, aliniambia, hizo ni za eabegi, usizichokonoe. Akaichomoa soketi ya mota.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikuwahi kulisikia gereji yoyote. Mota ya loki inaendeshwa na waya mbili tu. Gari likitulia, mara nyingi waya zote mbili zimekaa kwenye hasi. Ukibonyeza funga, mmoja unapewa chanya kwa muda mfupi sana, chini ya sekunde, na mota inazunguka upande mmoja. Ukibonyeza fungua, chanya inahamia kwenye waya wa pili, na mota inazunguka kinyume. Waya ni zilezile, umeme unageuzwa tu. Kwa hiyo loki inayofunga kila mara lakini haifungui kamwe haiwezi kuwa na waya uliokatika kabisa, maana umeme wa kufunga umepita kwenye waya zote mbili. Hapo unatazama rilei, swichi, au kitasa kinachobana upande mmoja. Nilimwomba anieleze mara mbili mpaka nikaelewa.

Alikuwa na mita ya zamani, ile ya mshale. Zile za namba haziwahi, alisema, umeme unakuja na kuondoka kabla namba haijatulia. Aliteremsha kioo, akazipitisha waya za mita dirishani, akaufunga mlango kabisa. Nikabonyeza funga. Mshale ukaruka mpaka karibu na 12. Nikabonyeza fungua, mshale ukapiga nyuma ya sifuri.

Nikavunjika moyo. Umeme upo! Basi mota ndiyo mbovu kweli.

Mzee akachomoa mita, akachukua testa yake aliyoitengeneza mwenyewe: balbu ya indiketa ya wati 21 iliyolehemiwa waya mbili. Akaiunga palepale ilipokuwa mita, mlango ukiwa bado umefungwa. "Bonyeza." Balbu haikuwaka. "Bonyeza tena." Giza. Akaufungua mlango hadi nusu. Balbu ikawa nyekundu kama kaa la sigara, ikazimika. Akaufungua wote, nikabonyeza, balbu ikamulika nyeupe.

"Mita inaonja tu," alisema. "Taa inakunywa. Bomba linalodondosha tone tone litakujazia ndoo ukilala, lakini hulikogei." Mita ya volti haichukui umeme wa maana, kwa hiyo hata waya uliooza kiasi cha kubakiza mguso hafifu unaweza kuionyesha volti 12 kamili. Balbu ya wati 21 kwenye volti 12 inataka karibu ampea 2, na mota ya loki nayo inataka umeme wa kufanya kazi. Mguso hafifu hauwezi kuupitisha. Tangu siku ile, mtu akiniambia "nimepima, umeme upo," namuuliza amepima kwa kifaa gani.

Alichomoa hasi ya betri, akauvuta ule mpira kutoka kwenye nguzo. Kulikuwa na tepu kuukuu, unga wa kijani, na waya zilizopasuka ngozi. Mmoja wa waya za loki ulikuwa umekatika nyuzi zote ndani ya ngozi yake. Kwa nje ulionekana mzima, ila ukiukunja unalala kama uzi mahali pamoja. Ncha zilikuwa na ule ukijani wa shaba iliyoliwa na chumvi. Gari langu linalala karibu na bahari, na upepo wa Kigamboni hauchagui. Waya wa spika ulikuwa umebakiza nyuzi chache. Waya mmoja wa dirisha ulikuwa umepasuka ngozi tayari, bado unafanya kazi. Kama ningesubiri miezi michache, ningeuziwa na mota ya dirisha.

Mafundi wengi hapa huzisokota ncha mbili na kuzungushia tepu nyeusi. Mzee hakufanya hivyo, na ninataka kueleza kwa nini, kwa sababu hapa ndipo kazi nzuri inapotofautiana na kazi ya kulipisha. Alikata kipande chote kibovu kwa kila waya, akaweka kipande kipya cha waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba, kirefu cha kutosha ili maungio yaangukie ndani ya mlango na ndani ya nguzo, mbali na sehemu inayokunjika. Risasi ya kulehemu inaufanya waya kuwa mgumu. Ungio likikaa penye mkunjo, waya utakatika tena pembeni yake. Maungio hayo hakuyaweka mahali pamoja, aliyapishana ili yasifanye fundo. Kila moja alilivalisha mpira unaosinyaa kwa joto. Kazi hiyo ilimchukua karibu saa mbili, jasho likimtiririka, na hakuinua kichwa hata simu yake ilipoita.

Halafu akauliza, "Nailoni ya mlango iko wapi?" Nikamweleza. Alisikitika kweli. Kioo cha mlango hakizibi maji yote. Mvua inapita kando yake, inaingia ndani ya mlango na kutokea kwenye vitundu vya chini. Mlango umetengenezwa uingie maji. Ile nailoni ndiyo inayoyazuia yasivuke kuja upande wa kava, soketi na miguu ya abiria. Alikata nailoni nzito kwa umbo la mlango. Gundi nyeusi ya zamani ilikuwa bado imeshika bati, akauacha mlango juani dakika kadhaa ikalainika, akaikandamiza nailoni juu yake. Kisha akazibua vile vitundu vya chini kwa kijiti, yakatoka majani na matope. Wenzangu, fundi akibandua kava la mlango wako, simama hapo mpaka nailoni irudi mahali pake. Tafadhali sana.

Na dai spea yako ya zamani. Mota iliyokuja na gari langu kutoka Japani ilibaki kwa fundi wa kwanza, nzima. Niliporudi kuiomba aliniambia ameshaitupa. Ile ya pili niliyoinunua ndiyo iliyofungwa mlangoni, ile ya kwanza nilikuwa nayo kwenye buti, ndani ya boksi. Mzee aliichukua, akaigusisha betri kwa waya mbili zenye fyuzi kati yake: ka. Akageuza waya: ka. Akaandika juu ya boksi kwa kalamu, NZIMA.

Nilimuuliza, basi mota zenyewe zikifa kweli, mtu anajuaje? Akasema mota za loki hufa kwa kuchoka, brashi zake za ndani, zile zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zinaisha. Inaanza kwa uvivu: leo inafunga, kesho haifungi, bila kujali mlango uko wazi au umefungwa. Ukilipiga kofi kava la mlango huku mtu anabonyeza, mara nyingi inashtuka na kufanya kazi, kwa sababu brashi zimetikisika na kugusa tena. Na balbu ikiwekwa kwenye soketi inawaka vizuri mlango ukiwa katika hali yoyote. Hapo ndipo unapokwenda Gerezani na hela yako.

Mwezi uliopita jirani yangu, mama mmoja anayefundisha shule ya msingi, alinigongea geti. Gari lake ni la aina moja na langu, na loki ya mbele kushoto ilikuwa inafanya kazi inapotaka. Ameshapewa bei ya mota. Nilimwomba asitoe hela kwanza. Nikamwuliza kuhusu spika, akasema inaimba vizuri. Nikausogeza mlango huku yeye akibonyeza: wazi imefunga mara moja kati ya tatu, umefungwa vilevile. Nikalipiga kava kofi, ikalia ka. Nilikuwa nimeshajitengenezea balbu yangu ya wati 21. Tulibandua kava kwa uangalifu, nailoni nikaikunjua upande mmoja bila kuichana, nikaiunga balbu kwenye soketi. Mlango wazi, ikawaka nyeupe. Mlango nusu, nyeupe. Mlango umefungwa, waya zimepita dirishani, jirani akabonyeza funga, akabonyeza fungua, nyeupe mara zote.

Nikaenda kwenye buti langu kuchukua lile boksi.